Nilivyohesabu baraka vibaya niliporudi kutoka misheni

Treni ya Kigoma ilituteremsha Stesheni, Dar es Salaam, siku moja ya Oktoba 2022. Nilikuwa na begi moja, dumu la mawese la lita tano, na kiroba cha dagaa kilichonitambulisha kwa behewa zima kabla hata hatujafika Uvinza. Niliondoka Dar Januari 2019. Miaka mitatu na miezi tisa nilikuwa mwinjilisti kwenye kijiji cha wavuvi kusini ya mji wa Kigoma, pembeni ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo gari halifiki na kila kitu, kuanzia sabuni mpaka mbao za jeneza, kinakuja kwa boti.

Kijana niliyekaa naye aliniuliza kazi yangu, nikamwambia natoka misheni. Akanikagua juu mpaka chini. "Dada, wamisionari si huwa wazungu?" Nikamwambia yule aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871 ndiye mzungu, mimi ni wa Kimara. Tulicheka mpaka Kaliua. Tulipofika Saranda alininunulia kuku kupitia dirishani na akakataa kurudishiwa hela. Ningekuwa na akili zangu ningeanza kuhesabu baraka pale pale, lakini yule kuku nilimla tu nikalala.

Naandika kwa ajili ya wanaokaribia kurudi, na kwa ndugu watakaowapokea. Kwenda tuliandaliwa wiki mbili nzima: namna ya kuchemsha maji ya ziwa, kuchomeka chandarua, kusalimia wazee, kutojiingiza kwenye siasa za kijiji. Habari ya kurudi ilikuwa sentensi moja siku ya kufunga semina, kwamba Mungu atawarudisha salama. Kweli alinirudisha salama. Nilichokifanya baada ya hapo ndicho nataka mwingine asikirudie.

Nilifikia kwa mama mdogo, Kimara. Yeye ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa, na anauza vitumbua asubuhi pale njia panda ya kushukia kituoni. Nilipompigia magoti kumwamkia alinishika mabega akanitazama. "Marahaba mwanangu. Hao samaki wa Kigoma ulikuwa unawatazama tu?" Usiku huo nilioga maji ya bomba nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimesahau kwamba maji yanaweza kumwagika kutoka juu yenyewe, bila mkono wangu kushika kata. Nililala chini ya feni, na nilipoamka saa nane usiku nikawasha taa, nikazima, nikawasha tena, mpaka mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama mdogo aliyekuwa kidato cha tatu, akagonga ukuta: "Dada, luku hiyo!"

Rafiki yangu wa kwaya alinishauri niandike baraka tatu kila siku ili nisizame kwenye mawazo. Ushauri mzuri. Nikanunua daftari. Siku ya kwanza: maji ya bomba, umeme, mkate laini. Ya pili: duka la dawa hatua hamsini kutoka nyumbani, mtandao bila kupanda kilima, choo cha ndani. Nikaendelea hivyo wiki mbili na nusu, na nilijiona ninamshukuru Mungu kuliko mtu yeyote hapo Kimara.

Kila baraka niliyoiandika ilikuja na mkia, "na huko hawana." Mkia huo sikuuandika, lakini niliutamka mchana kutwa. Mama mdogo akimwaga wali uliochacha, nilisema huko nilikotoka huo ni mlo wa mtoto. Jirani akilalamikia foleni ya Ubungo, nilimwambia huko nilikotoka mama mjamzito anasubiri boti siku mbili. Yalikuwa kweli yote, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kunijibu. Mdogo wangu alianza kuniita "Huko Nilikotoka" nikiwa sipo, kisha hata nikiwepo. Asubuhi moja alikuwa anapiga mswaki huku bomba linamwagika nikamvaa: huko nilikotoka wanawake wanapandisha ndoo kichwani asubuhi na jioni. Akanitazama mdomo umejaa povu. "Dada, si ulisema mlikuwa mnakaa ufukweni kabisa? Sasa si mlikuwa na ziwa zima?"

Ziwa la pili kwa kina duniani, ndiyo. Shida yetu huko ilikuwa usafi wa maji, maana kipindupindu kilitujua kwa majina, lakini wingi wa maji haukuwa shida hata siku moja. Sikuwa na la kusema, na nilinuna mpaka jioni.

Hapa nikuchomekee mambo mawili ya vitendo.

La kwanza ni hela. Nilidhani kurudi ni nauli tu. Nilikuwa na akiba ya shilingi 410,000 na nilijiona tajiri mpaka nilipotafuta chumba. Chumba kimoja cha kawaida Kimara kilikuwa 80,000 kwa mwezi, mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali alitaka ya mwezi mmoja juu. Hiyo ilikuwa 560,000 kabla hujanunua ndoo. Kanisa lililonituma lilikuwa na bajeti ya kunipeleka, ya kunirudisha halikuwa nayo, na nilipouliza ofisini niliambiwa suala langu litaingia kikao kijacho. Kikao kile sijui kilikaliwa wapi. Kwa hiyo kama unakwenda, tenga hela ya kurudi tangu mwezi wa kwanza, hata 10,000, na uiandikishe kwenye makubaliano yako kabla hujapanda gari. Ukishaondoka hakuna atakayeikumbuka.

La pili ni mwili. Kwa miezi mingi nilikuwa nachoka ovyo, tumbo linakata, na wakati mwingine choo kina damu. Nilipofika Dar nikaamini ni huzuni ya kuacha kazi, watu wakaniombea, na mimi nikafunga siku tatu. Mama mdogo ndiye aliyesema, "Maombi tumeshaomba, sasa kapime." Nilikutwa na kichocho cha tumbo. Kwa mtu aliyeingia ziwani kila siku hilo si jambo la kushangaza, na dawa yake, prazikwanteli, nilipimiwa kwa uzito nikameza nikamaliza. Huzuni haikuisha yote, lakini nusu yake ilikuwa minyoo. Ukirudi kapime damu, choo na mkojo wiki ya kwanza, na mwambie daktari ulikotoka, usisubiri akuulize. Mtu wa Kimara akisema tumbo linauma, nani atamfikiria konokono wa Tanganyika anayeeneza kichocho?

Sasa nirudi kwenye aibu yenyewe.

Jumapili ya tatu nilipewa dakika kumi za ushuhuda. Nilitumia ishirini na tano. Nilianza na picha za watoto wa shule ya Jumapili, watu wakafurahi, wengine wakapiga vigelegele. Kisha nikaona mtu wa benchi la pili anachezea simu na kitu kikanipanda. Niliwaambia wanalala na feni halafu wanalalamika. Niliwaambia mtu ananunua soda ya 600 na kumtolea Mungu jero. "Jero!" nilisema, na niliinua sarafu yenyewe ya 500 juu waione. Nikalia na mimi. Watu wakanyamaza kabisa, na mimi nikadhani kile kimya ni Roho Mtakatifu.

Hakuna aliyenikasirikia waziwazi. Baada ya ibada walinipa mikono, mama mmoja akanikunjia noti ya 5,000 kiganjani, na mchungaji akasema, "Tumesikia, mwinjilisti." Nikaenda nyumbani nikiwa mwepesi. Mkimwona mtu ndiyo kwanza karudi, tafadhali msimpe kipaza sauti. Mpeni chakula, mpeni watu wawili wa kumsikiliza akiwa amekaa. Madhabahu ingoje miezi mitatu.

Wiki hiyo hiyo mgao wa maji ukaja. Ukame ulikuwa umeupunguza mto Ruvu, ambao ndio unaotunywesha sehemu kubwa ya Dar, na mvua za vuli zilikuwa zimegoma. Bomba lililofungua daftari langu la baraka likaanza kukohoa hewa. Dumu la lita 20 likapanda kwa wauza maji wa guta, 500, siku nyingine 700, na ukimwita kwa haraka ndiyo anaongeza. Watu wa mtaani waligeuka walinzi wa usiku. Mama mdogo aliacha bomba la uani wazi na akaweka sufuria chini yake kichwa chini, ili maji yakigonga lile bati asikie. Saa tisa usiku: ko, ko, kokoko. "Amkeni, yametoka!" Na nyumba ya tatu tunasikia nao, "Yametoka!" na nyumba ya nne. Ndoo, madebe, beseni la kufulia, sufuria ya vitumbua, hata chupa za chai. Mdogo wangu akiwa na bukta tu, amepiga magoti, anapokezana madumu na mimi bila kumwaga tone, na wala hakunikumbusha ya mswaki. Saa kumi na moja yakakatika. Tulikaa juu ya ndoo zetu kama watu waliomaliza mavuno, mama mdogo akasema, "Asante Baba," kwa sauti ya mtu aliyepokea chenji. Kisha akaanza kukoroga unga.

Hakusema kwamba wengine hawajapata. Alichukua ndoo moja akaipeleka kwa mpangaji wa nyuma mwenye kichanga, akarudi.

Siku yasipotoka kabisa tulikwenda kwa jirani yetu, ustadhi wa madrasa, aliyechimba kisima cha nyumbani. Alifungua mpira kwa mtaa mzima, kila nyumba ndoo mbili, bure, akisimamia mwenyewe na kofia yake ili watu wasigombane. Nilimwamkia nikataka kumwachia hata 1,000 ya umeme wa pampu. "Hapana binti yangu. Wewe si ndiye uliyekuwa Kigoma? Mama yako alituambia tukuombee, tulikuombea." Nimeishi ukuta kwa ukuta na mzee huyu tangu utoto na sikuwahi kumuwaza kama mtu anayeniombea mimi, mwinjilisti.

Wiki iliyofuata jumuiya yetu ya kanisa ilikutana kwetu, Jumamosi alfajiri. Mtunza hazina wetu ni mama mwenye genge la nyanya na vitunguu. Alikuja na kaunta buku lake na kwa kuwa alitaka kunisomea hesabu za nilipokuwa sipo, akanipa mwenyewe nisome wakati anatafuta miwani.

Inabidi nieleze. Kule kijijini nilipokea hela kwa simu kila mwezi. Mwaka wa kwanza ilikuja 150,000 kamili. Baadaye ikawa vipande vya ajabu: 38,000, mara 41,500, mara 27,000. Nilijua ni fungu la misheni na kwamba mtu fulani ofisini ananikata. Nilinung'unika sana kule kilimani penye mtandao. Mwezi mmoja wa 2021 nilituma ujumbe kwa namba iliyokuwa inaniletea: "Mbona mwezi huu pungufu?" Bila hata salamu.

Kumbe fungu lilikufa baada ya mwaka wa kwanza. Kwenye kaunta buku kulikuwa na kurasa zimeandikwa juu "Dada wa Kigoma", na chini yake safu ya majina kwa kalamu ya bluu. 500. 500. 1,000. 200. "Hana, ataleta." 500. "Mchele kilo moja, umeuzwa 2,000." "Amefiwa, asidaiwe." 500. Jina la mama mdogo lilikuwa halikosi, 5,000 kila mwezi, na najua kitumbua kimoja kinauzwa bei gani. Yule mtu wa benchi la pili aliyekuwa anachezea simu, bodaboda, alikuwepo pia: 1,000, 1,000, "pikipiki mbovu", 1,000. Na kwenye ule mwezi wa ujumbe wangu, pembeni kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Dada kauliza pungufu. Tuongeze." Mwezi uliofuata ulikuwa 46,000. Naikumbuka ile 46,000. Nilisema, ahaa, sasa wameniogopa.

Jero nilizoziinua madhabahuni ndizo nilizokula miaka karibu mitatu. Na wote walikuwa wamekaa pale wananisikiliza, na waliniacha niseme.

Sikulia mbele yao. Nilikwenda uani nikajifanya naangalia sufuria ya bombani. Mama wa genge akanifuata na miwani yake puani. Nilianza kuomba radhi akanikatiza: "Aa, mwanangu, mtu akitoka safari ndefu hupiga kelele kidogo. Hata mtoto akizaliwa. Njoo unywe chai."

Usiku nilifungua daftari langu nikalisoma kutoka mwanzo. Maji, umeme, duka la dawa, choo. Hakukuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Wala mama mdogo hayumo, wala yule kijana wa kuku wa Saranda. Nilisikia sauti ya yule Farisayo wa Luka 18 anayesimama hekaluni kushukuru kwamba yeye si kama watu wengine. Nilikuwa nimewafanya watu wa kijiji changu, walioniuguza malaria mara mbili wakanifufua kwa uji, wawe jiwe la mizani la kupimia raha zangu za mjini. Kisha kwa mizani hiyo hiyo nikawapiga watu wa Kimara.

Sikulichana. Nilibadilisha swali tu: badala ya kuandika nimepata nini, nikawa naandika imepitia mkono wa nani. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu inakulazimu ujue majina ya watu. Konda aliyeniambia "kaa mama, utalipa kesho" simu yangu ilipozima. Dada wa maabara aliyenichoma mara moja tu. Siku nyingine naandika mmoja na kulala.

Limebaki jambo moja sijalimaliza, na hili ni la kukuonya. Siku ya kuondoka kijijini, watu wamejaa ufukweni wanaimba, boti inanguruma, nilisema kwa sauti, "Nikifika Dar nitawaletea mabati ya kanisa, arobaini." Hakuna aliyeniomba. Ni maneno ya mtu anayeona aibu kuondoka. Nilipofika Dar na 410,000 zangu nikajua nimedanganya. Kuanzia hapo simu ikilia na namba za kule, niliitazama mpaka inanyamaza. Wiki tano. Kama huwezi kuaga bila kuahidi, basi ahidi kupiga simu, na upige.

Mwishoni mwa Novemba iliita tena jioni, niko uani nasubiri maji. Nikapokea, moyo unadunda. Alikuwa mama mmoja, mzee wa kanisa, niliyekuwa namsomea barua za mwanawe. Nilisikia upepo, nikajua yuko kilimani kwenye yale mawe mawili ya mtandao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Twasikia redioni mto umekauka huko kwenu."

"Haujakauka, mama, umepungua. Maji yanakuja usiku, siku nyingine hayaji."

"Sasa mwanywa nini?"

"Tunanunua."

"Mwanunua nini?"

"Maji, mama. Dumu mia tano."

Akanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia anageuka, anapaza sauti kwa waliokuwa pamoja naye, kwa huruma ambayo sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu: "Jamani, wananunua maji!" Sauti za wanawake zikaitika huko nyuma, ooh, masikini, ooh.

"Pole sana mwalimu. Jumapili tuliwaombea mvua. Na Jumapili hii twawaombea tena, usiogope."

Kuhusu mabati hakuuliza. Nilikuwa nakusanya maneno ya kumweleza, lakini chaji ikaisha, ya kwake au ya kwangu, sikumbuki.